Picha za Bustani Isiyo Yangu

Nekesa, binti yangu,

Mambo ya koti zito, ya kufunga mlango mara mbili na ya kutoshinda na chai na mkate siku nzima, mama yako ameshakuambia, na aliyoyasahau atakuambia kesho njiani tukikupeleka uwanja wa ndege. Mimi sitayarudia. Nimeketi hapa kwenye meza ya jikoni, mchana huu wa Jumamosi, na kupitia dirishani nakuona ukizunguka uani na kamera yako. Manyunyu yamekuja na kuondoka mara mbili na wewe hujali. Kuna jambo nimetaka kukuambia tangu Desemba ya mwaka juzi. Kwa mdomo nimeshindwa. Kila nikianza, naishia kukuuliza kama umekula.

Sehemu ya jambo hilo unaijua, maana ulikuwepo. Mwanzo wake huujui vizuri, kwa sababu ulikuwa mdogo. Acha nianzie huko.

Tulipofika nchi hii ulikuwa na miaka minane. Tulikaa Gaithersburg hii hii, lakini si katika nyumba hii. Tulipanga besimenti ya mtu, chumba kimoja cha chini ya nyumba kilichogawanywa kwa pazia, chenye dirisha dogo juu karibu na dari. Ukisimama kitandani uliona nyasi na viatu vya watu wakipita. Mama yako alikuwa akihudumia wazee majumbani, anatoka kabla hujaamka. Mimi niliacha ualimu Kitale nikitangaza kwamba naenda kusoma, nikajikuta nasukuma mikokoteni ya mashuka machafu. Mwaka wa pili hata hiyo kazi ikaisha, nikakaa miezi minne bila nyingine. Na kila mwezi nilimwandikia Kukhu, nyanya yako: sisi hatujambo, tunaendelea vizuri, Mungu ni mwema.

Akajibu, kwa mkono wa mtoto wa shule aliyemwandikia, "Nitumie picha nione mnavyoishi."

Nikajiuliza nimpige picha gani. Ile ya pazia?

Mtaa wa pili kutoka pale kulikuwa na nyumba ya matofali ya Bwana Clarence. Siku ya kwanza kumwona nilikuwa natoka kutafuta kazi, viatu vinaniuma, nikasikia mtu akiita kutoka katikati ya maua, "Hujambo, bwana? Watoka wapi?" Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikuwa Mmarekani mweusi, mjane, mstaafu wa posta, amepiga magoti kwenye udongo na kofia ya majani kichwani. Ujanani alisoma Kiswahili darasa la jioni, hakuwahi kufika Afrika, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikihifadhi kama mtu anavyohifadhi suti ya harusi. Kiswahili chake kilipigwa pasi, hakina kunyanzi hata moja. "Tafadhali, karibu bustanini," akaniambia. "Je, wapenda tulipu?"

Mimi sikujua tulipu ni nini. Zilikuwa zimejipanga mbele ya uzio wake wa buluu, nyekundu, za njano, nyingine zambarau iliyokaribia weusi, kila moja kama kikombe kilichoshikwa wima. Nyuma yake dafodili, zile za njano zenye tarumbeta katikati. Nilimwomba ruhusa ya kuja Jumapili na familia yangu kupiga picha, naye akafurahi mpaka akanikataza kuja na kamera, akasema atatupiga yeye.

Tulikwenda. Mimi na suti, mama yako na gauni la kitenge, wewe na viatu vyeupe. Picha ilipotoka niligeuza nyuma nikaandika, "Nyumbani kwetu, wakati wa maua." Mama yako alikuwa akipiga nguo pasi. Aliniangalia juu ya pasi akauliza, "Wafula, hapo ni nyumbani kwa nani?"

"Ni picha tu," nikamjibu.

Mwaka uliofuata tukarudi, na uliofuata tena. Majira matano ya kuchipua. Bwana Clarence alikuwa akitungoja, anatupanga, anatuambia tusogee kwenye mwanga, na hakujua hata siku moja nilichokuwa nikiandika nyuma. Kule nyumbani Kukhu alizitia picha zote kwenye fremu moja, akaitundika sebuleni chini ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Jumapili ya mavuno mchungaji alimwomba aje nayo kanisani, ikainuliwa watu waone Mungu alivyombariki mtoto wa mjane.

Kisha tukahamia hapa. Unakumbuka ua huu ulivyokuwa: ukubwa wa magodoro mawili, udongo mwekundu mgumu, na mawe waliyoyaacha wajenzi. Tulikuwa bado hatujapanda hata jani la kitunguu, mjomba wako Simiyu akapiga simu kwamba Kukhu amepata viza na anakuja kukaa nasi miezi sita.

Yaliyofuata uliyaona, lakini nataka uyasikie kutoka kwangu.

Alifika majani yakianguka. Asubuhi ya kwanza alijifunga shuka begani, akafungua mlango wa nyuma na kusimama kwenye ngazi.

"Wafula," akasema, "maua yako wapi?"

"Yamelala, Mama. Huku baridi ikikaribia maua hulala chini ya udongo."

Mwanamke aliyelima mahindi miaka hamsini hadanganyiki kuhusu udongo. Alishuka ngazi, akaubonyeza kwa kidole cha mguu. Kisha akakugeukia wewe. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na tangu alipoteremka kwenye ndege alikuwa akikusemesha Kiswahili nawe unamjibu Kiingereza, kama ulivyotujibu sisi sote miaka hiyo.

"Mjukuu wangu, maua yalikuwa wapi?"

Uliniangalia. Nami nikakutikisia kichwa, kidogo tu, kiasi ambacho nilidhani hakuna atakayeona ila wewe.

Ukaonyesha kando ya ukuta. "Yalikuwa hapo, Kukhu," ukasema kwa Kiswahili safi. "Mengi sana."

Kukhu hakuyatazama tena hayo maua. Alikukumbatia, akakupapasa mgongo, akaniita kwa furaha, "Kumbe mtoto anajua kusema. Mbona mlinificha?" Na juu ya bega lake nikaona uso wako. Neno la kwanza ulilompa nyanya yako kwa lugha anayoielewa lilikuwa uongo, na ulilitoa mfukoni mwangu. Nimefanya makosa mengi, Nekesa. Hilo ndilo ninaloliona hata nikinyoa ndevu.

Wiki tatu nilizunguka njia ndefu nisipite mtaa wa Bwana Clarence. Halafu siku moja mimi, wewe na Kukhu tukawa dukani, Kukhu akichambua majani ya sukuma wiki moja moja na kulalamika kwamba yamekomaa, nikasikia ile sauti iliyopigwa pasi nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

Kukhu, mtu wa Trans Nzoia, hakuwahi kuamkiwa hivyo maishani mwake. Aligeuka, akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Mzuri," akajibu.

"Wewe ndiwe mama mzazi wa Bwana Wafula? Nimefurahi mno kukuona. Miaka mitano mimi ndiye niliyewapiga picha watoto wako bustanini mwangu, mbele ya uzio wangu wa buluu. Je, picha zilikufikia salama?"

Nilikuwa nimeshika fungu la sukuma wiki, maji yananidondokea viatuni. Wewe ulijifanya unasoma bei ya viazi.

"Zilifika," Kukhu akasema, polepole. "Zote zilifika. Maua yako ni mazuri, baba."

"Ahsante, mama. Karibu uyaone yakichanua."

"Nitakuja."

Siku mbili alikanda chapati na mama yako na kuuliza habari za kazini. Siku ya tatu, tukitoka kanisani, aliniambia niketi. Wewe ulikuwa umejificha kwenye ngazi za juu. Najua, niliona soksi zako.

"Nilipokuwa nikionyesha watu picha zile," akaniuliza, "wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya besimenti na pazia, miezi ile minne, na ile baridi ambayo mama yako alifanyiwa upasuaji nami nikamwandikia kwamba hatuna neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa pua kwa pembe ya shuka.

"Sina hasira kwa sababu ya maua," akasema. "Kusimama mbele ya maua ya mwenzako si wizi. Lakini miaka mitano nimepiga magoti kila asubuhi nikishukuru. Nilikuwa nashukuru tu, Wafula. Kumbe nilitakiwa kuomba. Mke wako amelazwa hospitalini na mimi nacheza ngoma kanisani. Ulininyima kazi yangu." Akatupa jicho ngazini. "Na yule mtoto ulimtuma."

 

Kesho yake alitaka aone ile besimenti. Wenyeji wapya hawakuwepo, kwa hiyo tulisimama nje. Mama yangu, na magoti yake mabovu, alipiga magoti kwenye nyasi akachungulia lile dirisha kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema tu, "Sasa najua nilikuwa niombee nini," akajikung'uta, akauliza nyumba ya Bwana Clarence iko upande gani.

Kwa Bwana Clarence nilikiri kila kitu mlangoni, hata hajatukaribisha ndani. Alivua kofia, akaniangalia, kisha akaanza kucheka kwa tumbo lote. "Bwana Wafula," akasema, "yaani bustani yangu imefika Afrika kabla yangu mimi?" Akaenda kibandani akatoka na ndoo iliyojaa vitunguu vya maua, mbegu za tulipu na dafodili, na jioni hiyo alikuja nyumbani kwetu na jembe lake.

Ile wiki ya kupanda naikumbuka kuliko wiki nyingi za maisha yangu. Mimi nilitoa mawe. Kukhu alipima mistari kwa kamba, nyoofu kama ya mahindi. Bwana Clarence alimtazama kwa heshima, akakohoa. "Mama, huku kwetu tulipu hupandwa kwa makundi."

"Na kwetu," Kukhu akamwambia, "kitu kikipandwa, mtu wa palizi lazima apate pa kupita."

Mistari ikabaki. Wewe ulikuwa kati yao umejaa udongo hadi viwiko, unatafsiri pale Kiswahili cha mmoja kilipomshinda mwingine, na siku hizo ndizo ulizoanza kusema kwelikweli, Kiswahili cha Kukhu cha bara na cha Bwana Clarence cha kitabuni vikachanganyika mdomoni mwako. Mpaka sasa wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayesema "la hasha" na "sina ubaya" kwa pumzi moja.

Kisha kindi wakaja. Walifukua tulipu moja baada ya nyingine, na Kukhu akishinda dirishani na ufagio, akiwatukana kwa Kibukusu. Ndipo majira ya kuchipua yalipofika. Dafodili zilitoka zote, kwa sababu kindi hawazipendi, na tulipu zikatoka kwa mapengo, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Asubuhi ile ya kwanza sote wanne tulitoka na nguo za kulalia. Mama yako, ambaye hakuwahi kunikaripia kwa habari ya zile picha hata mara moja, aliinama akagusa ua moja kwa mgongo wa kidole. "Hili ni letu," akasema, akaingia ndani kuchemsha chai. Nilimsikia akiimba jikoni.

Wewe ulimfundisha Kukhu kushika kamera. Filamu nzima aliimaliza peke yake. Alipiga dafodili bila vichwa, na mashimo ya kindi, na pipa la taka, na mama yako amelala kwenye kochi na sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni. Alinipiga mimi nikibishana na mashine ya kukata nyasi. Tulipokwenda kuchukua picha, kijana wa dukani akauliza kama atupe zilizoharibika. Ulimtafsiria Kukhu, naye akashangaa. "Ipi imeharibika?" Akaondoka nazo zote.

Simiyu ndiye aliyenisimulia kwa simu ilivyokuwa kule nyumbani Kukhu aliporudi. Kukhu alisimama kanisani akaeleza tangu mwanzo, besimenti kwanza, maua mwishoni. Watu wakacheka, mchungaji akacheka zaidi yao. Halafu wakaniombea, kwa jina na kwa hali yangu ilivyo. Wiki nzima niliona haya. Baadaye nikajisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Sasa ile Desemba.

Barua ya chuo niliifungua kwa bahati mbaya, nikidhani ni ya bima. Nikasoma kwamba ulikuwa umeacha darasa la kemia tangu Septemba. Na kila asubuhi ulikuwa ukitoka na mkoba, na kila jioni mezani nilikuuliza masomo yanaendaje, nawe ukasema vizuri, Baba, vizuri sana. Ulishuka ngazi ukanikuta nimesimama na ile karatasi. Ukasema ulikuwa unajiandaa kunieleza. Mimi nikachukua koleo nikatoka nje kuondoa theluji, na theluji yenyewe haikufika hata kifundoni.

Siku tatu ulifikiri nina hasira. Mama yako ndiye aliyeketi nawe, mkapanga jinsi ya kurudia, na ulirudia ukafaulu. Mimi sikuwa na mchango wowote.

Haikuwa hasira, Nekesa. Ile "vizuri sana" yako niliijua. Niliitunga mimi. Nilisimama pale nje na koleo nikijiona na suti yangu mbele ya tulipu za mtu mwingine, na nikamwona mtoto aliyenitazama siku ile uani akingoja nimwambie aseme nini. Nilitakiwa niingie ndani nikuombe msamaha. Niliona haya tena, nikakuachia ubebe peke yako. Nisamehe kwa yote mawili, ile siku ya Kukhu na hii.

Kwa hiyo utakapokuwa huko Minnesota masomoni, na kadi ya simu mkononi, na mimi nakuuliza u hali gani, sikuombi unilalamikie kila wiki. Wewe ni mtu mzima na siri zako ni zako. Lakini ukinitumia picha, changanya na ile ya sinki limejaa vyombo. Chumba kikiwa na giza, sema kina giza. Ile maabara ikikushinda, sema imekushinda. Hatutakuja mbio, labda mama yako. Sisi tunataka tu kujua tuanzie wapi kuomba. Na kama ni kweli wanavyosema kazini kwangu, kwamba kompyuta zote zitachanganyikiwa mwaka ukigeuka na simu zitakatika, basi andika barua. Mwandiko wako nausoma, hata kama walimu walishindwa.

Kuna jambo jingine dogo, na si onyo, ni majuto yangu tu. Miaka mitano nilisimama katikati ya maua mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, nikisikia harufu ya udongo uliolowa, mke wangu kando yangu na mkono wako mdogo ndani ya wangu, na sikuyaona. Nilikuwa nawaza nitakachoandika nyuma. Ukiniuliza leo mwaka wa tatu zilichanua rangi gani, lazima nitazame picha. Wewe si mtu wa hivyo. Nimekuona ukilala kifudifudi mbele ya ua moja nusu saa kabla ya kubonyeza, na mara nyingine unaondoka bila kubonyeza, umeridhika. Sijui ulijifunza wapi. Nilikuwa nikidhani unapoteza wakati. Siku hizi nikirudi kazini napita kwanza uani, kabla ya kuingia ndani, natazama tu.

Na sasa hivi, ninapoandika, mvua imerudi, hii si manyunyu tena. Mama yako amefungua mlango wa nyuma anauliza kwa sauti ni nani aliyelala kwenye matope na suruali ya safari ya kesho. Wewe hujamsikia, au umemsikia. Umeinua kichwa, unanitazama kupitia kioo, nywele zimekulowa, unanionyesha kwa mikono jambo ambalo mwanzoni sikulielewa. Nimelielewa. Unataka mtu wa kushika mwavuli, na si juu yako, juu ya tulipu, matone yasiiangushe kabla hujamaliza.

Barua hii naitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Mwavuli uko nyuma ya mlango.

Nakuja.

Baba yako